Pole ya Kufukuzwa Kazi

Kuna watu wakikutana na mimi pale Katesh mpaka leo hawaniambii habari za asubuhi, wananiambia "pole", halafu wanacheka, na mimi nacheka nao maana nikinuna ndiyo itakuwa mbaya zaidi. Hiyo pole ina historia, na historia yenyewe ni ya aibu, tena siyo aibu ya kitoto, ni aibu ya mtu mzima mwenye ndevu na kitambulisho cha taifa, kwa hiyo nimeona bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa bodaboda wa Endasak, kwa sababu wale wameshaiongezea mambo ambayo hayakutokea (hakuna mtu aliyenipiga na mwavuli, hilo naomba lieleweke mapema).

Naitwa Faustini. Kwetu ni Endasak, hapo mlimani, naishi na mama, baba alishatangulia. Kazi yangu ni ya kompyuta. Kuna kampuni ya nje inayotengeneza programu za kuendeshea hoteli, na mimi najibu maswali ya wateja wao, yaani mtu yuko huko kwao ameshindwa kumwandikia mgeni chumba, ananiandikia kwa hasira, na mimi niko Endasak nimevaa sweta, chai pembeni, namwambia bonyeza hapa, sasa bonyeza pale, haya, umeona, asante, karibu tena. Mwisho wa mwezi naingiziwa mshahara. Ni kazi halali kabisa, ila kijijini hakuna aliyewahi kuiamini, wao walikuwa wanaona kijana mzima anashinda ndani, hana bosi anayeonekana, hana sare, hachafuki. Mama akiulizwa mwanao anafanya nini siku hizi alikuwa anajibu, "Anaandikaandika."

Sasa nikapata habari kwamba kuna nchi huko Ulaya zinatoa viza ya muda mrefu kwa watu wa kazi kama yangu. Unakwenda kukaa kwao mwaka au zaidi, unaendelea na kazi yako ile ile, huwanyang'anyi ajira, wao wanachotaka ni utumie hela yako kwao. Nikaipenda hiyo habari kupita kiasi. Mimi nilikuwa sijawahi kufika mbali kuliko Dodoma, na Dodoma yenyewe nilikwenda kwenye msiba.

Masharti yalikuwa ya hela, na yalikuwa mawili. La kwanza, uonyeshe mshahara unaingia kila mwezi bila kukosa na haupungui kiwango chao, hilo halikuwa na shida. La pili ndilo lililonimaliza: uwe na akiba benki, na akiba hiyo ilale pale miezi mitatu mfululizo bila kushuka chini ya mstari wao hata siku moja. Akiba nilikuwa nayo, nimeikusanya kwa kujinyima, ila mstari wenyewe nilikuwa nimeuvuka kwa unene wa kidole, yaani nikitoa hela ya mbuzi mmoja tu nimeshashuka, nianze upya.

Jaribuni kukaa miezi mitatu Hanang bila kutoa hela, halafu mje mnisimulie. Kuna harusi, kuna misiba, kuna kipaimara, kuna bati za darasa, kuna mtoto wa jirani amefaulu. Mwezi wa kwanza nilipenya kwa sababu watu walikuwa wanapalilia. Mwezi wa pili ndugu yangu Paskali, mtoto wa baba mdogo, akatangaza anaoa.

Kikao cha harusi kilikaa kwa baba mdogo, mwenyekiti baba mdogo mwenyewe, na majina yakawa yanasomwa moja moja, kila mtu anataja ahadi yake. Likafika langu.

"Faustini, wewe tunakuandika cha juu," baba mdogo akasema, "wewe ndiye unalipwa na Wazungu." (Kazi yangu ilikuwa haiaminiki siku zote isipokuwa siku za michango.)

Hapo ndipo ningeweza kueleza. Ningeweza kusema baba mdogo, nina hela lakini haitakiwi kuguswa kwa sababu moja mbili tatu. Lakini nikawaangalia wale watu wote, nikajiambia viza ya kazi za kompyuta nitaanzia wapi kuieleza hapa, watasema najidai, watasema nakimbia ukoo, basi nikachagua njia fupi. Nikainamisha kichwa kidogo nikasema, "Baba mdogo, mimi kwa sasa niacheni tu. Kazi imesimama kidogo."

Baba mdogo akaweka kalamu chini.

"Imesimama?"

"Kidogo tu."

"Basi tumruke," akasema baba mdogo kwa sauti ya chini, kama mtu aliyegusa kidonda cha mwenzake bila kukusudia. Nikarudi nyumbani napiga mluzi. Sentensi moja, na akiba yangu imelala salama! Nikajiona nina akili ambayo kwenye ukoo mzima haijawahi kutokea.

Ile sentensi kumbe haikulala. Kesho yake asubuhi ilifika bombani ikiwa "Faustini amesimamishwa." Ilipofika mashine ya kusaga ilikuwa "Faustini amefukuzwa." Na kufika Dirma kwa mjomba wangu, mjomba aliambiwa kwamba Wazungu wamemfukuza Faustini na kompyuta wamechukua, wakati mimi kompyuta nilikuwa nimeipakata mapajani namwelekeza mteja namna ya kufuta chumba kilichoandikwa mara mbili.

Mama alirudi kutoka mashineni na debe la unga kichwani na macho mekundu.

"Mwanangu, mimi mama yako ni wa kuambiwa na watu wa foleni?"

Nilitaka kumwambia ukweli, namwapia Mungu. Lakini mama yangu na siri haviwezi kukaa nyumba moja, angemwambia jirani mmoja tu "lakini usimwambie mtu", na kabla ya jioni baba mdogo angekuwa mlangoni na kalamu. Nikanyamaza. Na kwa mama yeyote, mtoto akinyamaza maana yake ni ndiyo. Akanishika bega, akaingia jikoni, akanipikia yai.

Hapo ndipo huruma ikaanza kuingia nyumbani kwa miguu. Jirani wa juu akaleta mahindi. Jirani wa chini akaleta maharage. Mtu ambaye tulishagombana naye mpaka wa shamba akaleta jogoo, akasema tusameheane, dunia hii haieleweki. Lakini aliyeniua kabisa ni Mzee Amsi, mzee mmoja wa njia ya mlimani mwenye ng'ombe mmoja tu wa maziwa, akawa kila asubuhi anakuja na kibuyu chake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kunywa. Mtu asiye na kazi anapaswa kula vizuri, mawazo yanakausha mwili."

Na mimi nikanywa (yalikuwa matamu, siwezi kudanganya tena). Mchana nikawa nafunga dirisha na kuandika polepole ili vidole visisikike nje, na watu wakipita wanaambizana mwacheni, yumo ndani anasali.

Sasa nimtaje Mama Tluway, maana bila yeye mkasa huu ungeishia kwenye jogoo. Mama Tluway ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, mama mrefu, ana sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya korongo, na siku za mnada anauza vitunguu Katesh. Yeye alikaa na jumuiya akawaambia kwamba vyakula vinatosha, kijana anahitaji nauli ya kutafuta kazi nyingine, lakini msimpe mkononi. Mtu aliyefukuzwa kazi ana aibu, ukimpa mkononi unamwongezea. Tumtumie benki kimya kimya, ashtukie tu ipo.

Mnaona ubaya wa mtu huyu? Hana ubaya. Ndiyo shida yenyewe.

Namba ya akaunti wakaipata kwa mama. Hela wakazipeleka Katesh kwa Hamisi, rafiki yangu mwenye duka la vifaa vya simu, ambaye pia ni wakala wa benki. Na Hamisi ni mtu makini. Mashine yake ikimwuliza maelezo ya muamala, mawakala wengine wanaandika nukta wanaendelea, Hamisi anamgeukia mteja na kumwuliza, "Niandike nini?" na mteja anasema ya moyoni, na Hamisi anaandika yote.

Mtaniuliza mimi nilikuwa wapi hela zinaingia nisijue. Meseji za benki nilikuwa nimezifunga siku nyingi kwa sababu wanakata ada kwa kila meseji (ndiyo, nilikuwa nabana mpaka hapo). Miezi mitatu ilipotimia nikaomba benki taarifa ya akaunti, ikaja kwenye kompyuta, nikaenda moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho nikakuta salio limepanda kuliko nilivyotarajia. Mtu mwingine angejiuliza. Mimi nilisema asante Mungu, dola imepanda, nikaituma ubalozini vile vile bila kusoma hata ukurasa mmoja.

Wakanijibu vizuri: mahojiano kwa video, siku fulani, saa nne asubuhi, afisa wao atakuwa na mkalimani, uchague lugha. Kiingereza ndicho ninachokifanyia kazi, lakini nikaona kwa jambo kubwa hivi bora nijieleze kwa lugha ninayoota nayo ndoto. Nikachagua Kiswahili.

Siku yenyewe umeme ukakatika Endasak tangu alfajiri. Nikadandia bodaboda mbio mpaka Katesh kwa Hamisi, yeye ana sola na intaneti nzuri, na kwa haraka ile spika za masikioni nikaziacha mezani nyumbani. Na siku hiyo ilikuwa siku ya mnada, mji umejaa watu, mbuzi, ngano, vitunguu, vumbi, kila kitu. Hamisi akanipa pembe ya kaunta, nyuma yangu benchi la wateja, mbele yangu kompyuta. Akauliza nafanya nini, nikamwambia kwa kifupi, "Nahojiwa, nisaidie watu wasipige kelele."

Kwa kifupi! Mimi na vifupi vyangu.

Afisa akatokea kwenye kioo, mzee mwenye miwani, amevaa koti, na kwenye kidirisha cha pili dada mkalimani. Maswali ya mwanzo yakapita kama maji. Kazi gani? Nikaeleza. Mshahara? Ukaonekana. Kwa nini nchi yetu? Nikajibu vizuri mpaka yule mzee akatabasamu. Na wakati anatabasamu ndipo nikaona, kwenye kile kidirisha kidogo kinachoonyesha sura yako mwenyewe, nyuma ya bega langu kumeingia kitenge cha njano ninachokifahamu. Mama Tluway. Alikuja kuweka hela ya vitunguu, na Hamisi akamwambia kwa sauti ya kunong'ona, shh, Faustini anahojiwa. Sasa neno hilo kwa mtu ambaye anajua huna kazi lina maana moja tu. Mama Tluway akawakalisha wenzake wawili wa jumuiya kwenye benchi, nikamsikia anasema, "Tulieni, mwenzetu anaombewa kazi na Roho Mtakatifu sasa hivi," na wakatoa rozari.

Yule dada mkalimani akakohoa kidogo.

"Bwana Faustini, afisa ana maswali kuhusu taarifa yako ya benki. Anaona watu wengi wameingiza hela ndogo ndogo, na ameniomba nimsomee maelezo. Nitasoma kwanza kwa Kiswahili ili uthibitishe."

"Sawa," nikasema, sina habari.

"'Pole kwa kufukuzwa kazi, Mungu hamtupi mja wake.'"

Nikasogeza kompyuta karibu.

"'Pole Faustini, kazi nyingine itakuja.' Hii nyingine, 'Kutoka kwa familia tuliyogombana mpaka, pole sana.' Na hii ni ndefu kidogo." Akasita. "'Pole mwanetu, hao Wazungu waliokufukuza hawatafika popote. Mama Tluway.'"

Nyuma yangu rozari ikasimama. "Nimetajwa mimi?" nikasikia. "Wanajua jina langu huko?"

Dada akamtafsiria mzee, naona alipofika kwa Wazungu akapunguza mwendo, na mzee akavua miwani.

"Afisa anauliza, ulifukuzwa kazi lini?"

Hebu jiwekeni pale nilipokuwa. Nikisema nilifukuzwa, viza imekufa. Nikisema sikufukuzwa, mwenyekiti wa jumuiya yuko nyuma ya mgongo wangu, hatua moja, amenishikia rozari. Nikaanza kutunga uongo wa tatu, nikasema moyoni nitawaambia hao ni wateja wangu, ni utani wetu wa kikazi, na nilikuwa nimeshafungua mdomo wakati dada aliposema, "Samahani, imebaki moja. 'Kutoka kwa mama yake. Asiambiwe.'"

Ule uongo ukanikauka mdomoni. Mama yangu hana mshahara. Mama alikuwa na mbuzi mmoja, na wiki kadhaa kabla nilimwuliza mbuzi yuko wapi akasema amempeleka Dirma kwa mjomba kwenye majani mazuri, na mimi nikaamini kwa sababu nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye kompyuta.

"Sikufukuzwa," nikasema polepole.

"Sikusikii vizuri, sauti inakatika."

"Sikufukuzwa kazi."

"Ulifukuzwa kazi?"

"SIKUFUKUZWA!" Na intaneti ya mnada mnaijua, inataka upige kelele kama unamwita mtu wa Basotu. "SIJAWAHI KUFUKUZWA! NINA KAZI! NINA MSHAHARA KILA MWEZI!"

 Nje mwenye mbuzi na mbuzi wake wakachungulia mlangoni.

"Sawa, tumesikia," dada akasema. "Kwa hiyo hawa watu wote wamekosea?"

"Niliwadanganya."

"Kwa nini?"

"Ili wasiniombe mchango wa harusi. Hela ilitakiwa isiguswe. Ni sharti lenu."

Akatafsiri. Mzee akasema kitu kifupi, na dada akajitahidi sana asicheke, naona mpaka akaangalia pembeni.

"Afisa anauliza, na wao wakakuchangia?"

"Ndiyo."

Mzee akaandika. Akaandika muda mrefu. Halafu akauliza kama kati ya hao waliotuma yupo anayeweza kuthibitisha, na kabla sijajibu nikaona kitenge cha njano kinajaa kioo chote. Mama Tluway alikuwa amesimama. Akanisogeza kwa nyonga kama anavyosogeza gunia, akainama mbele ya kamera.

"Shikamoo mama," akasema dada, adabu ikamtoka yenyewe.

"Marahaba mwanangu. Mimi ndiye Mama Tluway. Mwambie huyo baba hivi. Hela ile tulitoa sisi, tulitoa tukijua kijana hana. Mpaka nakaa kwenye hili benchi nilikuwa najua hana. Sasa nimesikia kwa masikio yangu anayo. Kwa hiyo mwandikie kwamba huyu ni mwongo, lakini si mwizi, ametudanganya bure bila kutuomba kitu. Na lile neno la Wazungu aniwie radhi, sikujua linakwenda kusomwa."

Dada akatafsiri yote, neno kwa neno. Mzee akainamisha kichwa kwa Mama Tluway, kwa heshima kabisa, akasema nitajibiwa, na kioo kikazimika.

Nikabaki nimekaa. Hamisi alikuwa ameshika rafu ya betri kwa mikono miwili, anacheka bila sauti, machozi yanamtoka. Wale mama wawili wa benchi nao wakaanza. Mama Tluway peke yake ndiye hakucheka.

"Maziwa ya Mzee Amsi ulikunywa?"

"Nilikunywa, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Ee Mungu." Akakaa. Halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Faustini, sisi ni wakulima. Mahindi ya mbegu yanakaa darini, watoto wanalala njaa chini yake, na hakuna anayepanda kuyashusha. Ungesema hii hela ni mbegu. Nani hapa hajui mbegu?"

  Wale wengine walikuwa wananicheka na hiyo naiweza, lakini yule mama alikuwa ameumia kwa sababu nilidhani hawezi kuelewa, na angeelewa kwa neno moja.

Nilivyopanda bodaboda kurudi, dereva akaniambia pole. Nikamwuliza pole ya nini, akasema ya kufukuzwa kazi, akacheka mpaka pikipiki ikayumba. Habari ilikuwa imenitangulia. Nyumbani nikamkuta mama anachambua maharage, hakuinua uso.

"Kwa hiyo una kazi."

"Ninayo, mama."

"Tangu lini?"

"Siku zote."

Akachambua kidogo. Nikapiga magoti pale chini, nikaanza kusema maneno mengi, samahani mama, nilikosea mama, akaninyamazisha kwa mkono wenye maharage.

"Mbuzi wangu alikuwa na mimba," akasema. "Utakayemnunua awe na mimba."

Jumapili nikasimama mbele ya jumuiya. Sitawasimulia yote. Nilisema nilichofanya, na nikasema narudisha hela ya kila mtu, na hapo ndipo nilipojua kurudisha hela ni kazi ngumu kuliko kuomba. Wengine walichukua. Wengine walikataa, wakasema walishaitoa mbele za Mungu, sasa waende kumwambia nini. Yule jirani wa mpaka alisema jogoo nibaki naye, lakini mpaka tuuangalie upya. Na Mzee Amsi akafikiri, akasema maziwa yakishanyweka hayarudi, ila ng'ombe wake anakula majani. Basi mimi, mfanyakazi wa kampuni ya nje, nikawa kila jioni nakata majani korongoni na kuyabeba kichwani kupita katikati ya kijiji, na watoto wa shule wananisindikiza.

Baba mdogo naye hakusahau. Akaniandika mara mbili ya kiwango cha juu, na nikatoa. Siku ya harusi ya Paskali mshereheshaji akashika kipaza sauti akasema, "Na sasa tunamkaribisha mchangiaji wetu mkubwa, ambaye hana kazi!" Ukumbi ukaangua kicheko. Bibi harusi mwenyewe, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameinamisha uso kama inavyotakiwa, akacheka mpaka mpambe akamfunika na kitambaa.

Kwa upande wa viza, barua ilikuja: mshahara wangu wameuamini, lakini akiba iliyochanganyika na pole za watu hawawezi kuihesabu, na hata hivyo kufikia hapo nilikuwa nimeshashuka chini ya mstari kwa mbuzi na harusi. Nilete miezi mitatu mingine, safi. Nikaanza upya, nikajikusanya tena. Safari hii nilimwambia kila mtu, nina hela, na hela hiyo ni mbegu, haiguswi mpaka nipate viza. Nilidhani wataniona najidai. Wapi! Walinilinda kuliko benki. Kamati ya bati ilipokaribia mlango wetu Mama Tluway aliiona toka mbali, akaikemea kwa ile sauti ya ng'ombe, "Mwacheni huyo, hela zake hazijaota!" na wakageuza. Miezi mitatu ikapita, hakuna aliyeniomba hata ya chumvi. Viza ikatoka. Naondoka mvua zikiisha, na mama ameshaniuliza kama huko ninakokwenda kuna mashine ya kusaga.

Kwa hiyo nimeapa, ndugu zangu. Nikiwa na hela nitasema ninayo. Nikiwa sina nitasema sina. Na nikiwa ninayo lakini sitaki kuitoa, nitasema hivyo hivyo, kwa sauti, mbele ya watu, na anayetaka kununa anune. Kiapo chenyewe nimeshakijaribu. Juzi mhasibu wa kwaya alinijia habari ya sare mpya, nikamtazama usoni nikamwambia, "Dada, hela ninayo, ila sitoi." Akanisifu sana kwa kusema kweli, akafungua daftari, akaniandika.